Nilimsubirisha, nilimsainisha: Kihispania ni "la" au "le"?

Boti ya Kibirizi
Wakuu, naombeni msaada. Napeleka wageni Gombe kutoka mwalo wa Kibirizi, na Kihispania najifunza kwa simu usiku baada ya kazi. Juzi ziwa lilichafuka, tukachelewa kuondoka. Nikamwandikia binti wa mgeni wangu, "Le hice esperar", yaani nilimsubirisha mama yako. Akanirudishia: "La hice esperar." Sawa, nikashika. Jioni nikaandika, "La hice firmar el libro", nilimsainisha kitabu cha wageni. Akasahihisha tena: "Le hice firmar el libro."

Mama ni yuleyule! Mimi nina -m- moja tu: nilimsubirisha, nilimsainisha. Kinachobadilika ni nini? Sitaki kukariri, nataka kuelewa.

Binti Ujiji
Kaka, si "la" ni mwanamke na "le" ni mwanamume? Mimi nimewasikia Wahispania wakisema hivyo.

Mwalimu wa Tabora
Dada, umesikia vizuri. Hispania wengi humwita mwanamume mmoja "le", na Akademia yao inakubali. Ila hapa anayezungumziwa ni mama mara zote mbili, kwa hiyo jibu liko kwingine.

Ndugu wa Kibirizi, tazama kitenzi cha pili. "Esperar" hapo hakina yambwa yake, yaani mtu au kitu kinachotendewa, basi mama anakaa kwenye nafasi hiyo: "la". "Firmar" tayari kina kitabu. Nafasi imeshachukuliwa, mama anasogezwa akae kama mtu anayepewa kitu: "le", sawa na "le di el libro", nilimpa kitabu. Jaribu kwa kitenzi kilekile: "La hice esperar", lakini "Le hice esperar el barco", nilimsubirisha boti.

"Dejar" nayo hivyohivyo: "la dejé dormir", nilimwacha alale, "le dejé usar mis prismáticos", nilimwacha atumie darubini yangu. Kwa "dejar" utasikia na "la" hapo pa pili, usishtuke.

Panapotusumbua sisi ni kitabu nacho kinapogeuka kiwakilishi. Kitenzi chetu hubeba yambwa moja, hakuna "nilimkisainisha". Wao huzibeba zote mbili, na "le" ikikutana na "lo", ambayo hapa ni kitabu, inakuwa "se": "Se lo hice firmar", yaani nilimsainisha hicho.

Boti ya Kibirizi
Shikamoo mwalimu! Hiyo ya boti imenifungua macho kabisa. Sasa nikimpokea mgeni begi huwa nasema, "Déjeme la llevar", yaani niache nilibebe. Ni sawa?

Mwalimu wa Tabora
Marahaba. Hapana, hiyo "la" umeiacha inaning'inia katikati. Ibandike mwishoni, "Déjeme llevarla", au uibebeshe kitenzi cha kwanza, "Déjemela llevar". Zote mbili ni sahihi, na ya pili usisahau alama juu ya e.

Boti ya Kibirizi
Kesho alfajiri nina wageni wanne. Naanza na "Déjeme llevarla", ile nyingine ulimi wangu bado.