Maiki za juu za dramu, chumba cha mabati

Mpigadramu wa Kawempe:
Ndugu zangu, narekodi dramu nyumbani hapa Kawempe. Chumba ni kidogo, dari hakuna, juu ni mabati matupu. Kadi yangu ya sauti ina njia mbili tu za kuchomeka maiki. Natafuta maiki mbili za kuweka juu ya matoazi bila kumaliza akiba yote. Nichukue Behringer C-2, au nivumilie hadi nipate hela ya Rode NT5? Matoazi yangu ni makali, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Fundi Sauti Jinja:
Kaka, chukua C-2. Zinauzwa mbili kwa pamoja, ila hakikisha kadi yako inatoa volti 48, kwani ni za kondensa, yaani haziwaki bila umeme huo. Usizibananishe na matoazi. Kisha tafuta kamba: shika ncha moja katikati ya snea (ile ngoma yenye nyaya chini), ivute hadi maiki ya kwanza, piga fundo hapo. Maiki ya pili nayo ifike kwenye fundo hilohilo. Umbali ukilingana, snea inasikika katikati na sauti yake haikondi. Kamba hiyo naithamini kuliko jina la maiki.

Mama Kwaya, Entebbe:
Mwanangu, shughulikia mabati kwanza. Sauti inapanda, inagonga, inarudi kwenye maiki. Tundika blanketi zito juu ya dramu. Mvua ikianza, zima.

Mpigadramu wa Kawempe:
Asante mama, asante kaka. Blanketi ninalo. Kuna anayeuza C-2 zilizotumika hapa Kampala?