Watafiti na wataalamu mnaoelimisha mitandaoni, tupeane uzoefu: mmekutana na nini?

Mama Maabara
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtafiti wa usalama wa chakula, kazi yangu kubwa ni sumukuvu, yaani sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Nilianza kuposti baada ya sumu hiyo kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa sababu niliona ripoti zetu zinaishia kwenye makabrasha na mla ugali hazimfikii.

Matusi nimeyazoea, nafuta naendelea. Kinachoniumiza ni video kukatwa. Nilirekodi moja nikieleza kwamba sumukuvu haionekani kwa macho, na ukipika ugali haiondoki. Kisha nikaeleza kwa kirefu jinsi ya kukausha na kuhifadhi mahindi ili yawe salama, na hapo ndipo ulipokuwa ujumbe wenyewe. Mtu akachukua kipande cha mwanzo, akakiandika "Mtaalamu: ugali unaua", kikazunguka magrupu ya WhatsApp mpaka shangazi yangu wa Singida akanipigia kuuliza kama ayamwage magunia yake. Nikatoa video ya kusahihisha. Hiyo hakuna aliyeifowadi.

Mliopitia haya karibuni. Na nyie mnaotusoma, semeni mnakwama wapi na sisi.

Nesi wa Ziwani
Pole dada. Mimi ni muuguzi Mwanza, upande wa chanjo. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, uvumi kwamba inaleta ugumba nilikuwa nimejiandaa nao. Ambalo sikujiandaa nalo ni la 2024, dozi mbili zilipokuwa moja. Wazazi wakanirushia posti zangu za zamani: "Si wewe uliyesema asikose dozi ya pili?" Ni kweli nilisema, na huo ndio ulikuwa mwongozo wa wakati ule. Ushahidi mpya ukaja, mwongozo ukabadilika. Kwetu hiyo ni kazi kwenda vizuri, ila kwa mzazi aliyeshika simu inaonekana tulikuwa tunabahatisha.

Nikaona niweke ushahidi wenyewe. Utafiti wa DoRIS ulifanyika hapa hapa Mwanza, kwa mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, damu zao zikafuatiliwa kwa miaka, na kinga ya dozi moja ikaonekana kudumu. Nilitegemea watu wajivunie kwamba jambo linalofuatwa duniani limetokana pia na watoto wa kwetu. Komenti ya kwanza ikawa: "Kumbe mlikuja kuwajaribia watoto wetu." Ikapata laiki kuliko posti.

Nilikaa nikajibu mmoja mmoja. Kwamba chanjo ilikuwa imeshaidhinishwa na inatumika nchi nyingi, kilichokuwa kinaangaliwa ni idadi ya dozi. Kwamba wazazi walielezwa wakaridhia. Wachache walielewa palepale. Wengine walinifuata inboksi usiku, maana hakuna mama atakayeuliza mbele za watu kama binti yake atakuja kuzaa. Siku hizi kazi yangu kubwa iko huko inboksi. Mkuu wangu wa kazi anahesabu posti tu.

Upepo wa Kusi
Hali ya hewa hapa. Aprili 2021 tulitahadharisha kuhusu kimbunga Jobo, kikapoteza nguvu kabla ya kufika pwani. Tangu siku hiyo kila nikiposti tahadhari kuna anayejibu "kama Jobo tu". Mei 2024 kikaja Hidaya. Tahadhari zikatoka mapema, na bado wavuvi kijijini kwetu wakasema wanasubiri waone wenyewe kwanza. Tarehe 4 kikaingia Mafia, mvua ikaharibu Kilwa, barabara ya kusini ikakatika.

Nilichobadilisha: asilimia za uwezekano naziweka mwisho. Mwanzo naandika la kufanya. Ngalawa na mitumbwi isitoke kuanzia leo jioni, vuteni vyombo juu, hamisheni nyavu. Watu wanabishana na asilimia, ila wanaoambiwa wavute mtumbwi angalau wanauliza wauvute mpaka wapi.

Kijana wa Takwimu
Kwangu mimi ni kibali. Nilipo huwezi kuposti kuhusu utafiti wako bila andiko kupita meza kadhaa. Likirudi na sahihi, uvumi umeshazeeka na watu wamehamia mwingine.

Mwende
Salamu kutoka Makueni. Mwaka 2004 sumukuvu ilitumaliza huku mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Nilikuwa mtoto, nakumbuka matanga tu. Sasa ni afisa kilimo, na nimeacha kuandika maposti marefu. Narekodi sauti fupi kwa Kikamba natuma kwa grupu za chama, vile vikundi vya akina mama vya kuweka akiba. Wakikata kipande, hakuna shida, kila sauti iko na jambo moja pekee.

Mkulima Kibaigwa
Nawasoma kimya siku zote, leo niseme. Mnatuambia tupime unyevu, hicho kipimo bei gani? Mnasema yenye sumu yasiuzwe, hasara abebe nani? Mnunuzi hapa sokoni hajawahi kuniuliza sumukuvu, anauliza kilo. Mtaalamu akiposti kuhusu hilo nitamsambaza mwenyewe.

Mama Maabara
Kaka, maswali yako ni ya haki. La hasara sina jibu, na sitakupa la uongo. La kipimo ninalo. Tafuta chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, yarudishe juani juu ya turubai. Isiponata, umekaribia, anika kidogo tena mpaka yafike 13 ndipo uweke ghalani. Hapo unapima unyevu, sumu yenyewe inapimwa maabara.

Mkulima Kibaigwa
Chumvi hii hii ya jikoni?

Mama Maabara
Hiyo hiyo. Ila ianike kwanza, ikiwa na unyevu itanata hata kama mahindi ni makavu.