Kambi za wageni Berbera: nani mwenye kalamu ya kusaini?

Kasikazi
Wakuu, tuliongee hili bila ushabiki. Februari 2017 Bunge la Somaliland, ile ya kaskazini mwa Somalia iliyojitangaza nchi 1991, liliridhia Imarati (Falme za Kiarabu) ijenge kambi ya kijeshi Berbera, mji wake wa bandari, miaka 25. Tarehe 1 Januari 2024 Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, na Muse Bihi, rais wa Somaliland wakati huo, wakasaini Addis Ababa makubaliano ya awali: Ethiopia ipewe kilomita 20 za pwani kwa miaka 50, iweke jeshi lake la majini. Mara zote mbili Mogadishu ikasema ile ni karatasi tupu. Sasa nauliza: mtu anakaa kwenye nyumba tangu 1991, anakusanya kodi, ana polisi, ana sarafu, anafanya uchaguzi na aliyeshindwa anaondoka kwa amani, ila hati ina jina la mwingine. Anaweza kumpangishia mtu wa tatu? Mimi nasema anaweza. Na kabla hamjanirukia: kesho Zanzibar ikitaka kuikodisha Pemba, nani ataizuia?

Kibatari
Hiyo sentensi ya mwisho umeitoa wapi wewe? Zanzibar ina jeshi lake lililojitenga? Ulinzi ni jambo la Muungano, lipo kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Unaleta mada ya Wasomali kumbe shabaha yako ni nyingine.

Ngalawa Mbili
Nirudi Berbera. Kupangisha ardhi ni rahisi, kazi iko kwenye karatasi za baada ya pango. Askari wa kigeni akiua raia, anashitakiwa mahakama ya nani? Hilo huandikwa kwenye mkataba wa hadhi ya majeshi, na mkataba wa namna hiyo unataka nchi mbili. Halafu kifungu cha 102 cha Hati ya Umoja wa Mataifa: mkataba usiosajiliwa Sekretarieti huwezi kuutegemea mbele ya chombo chochote cha Umoja huo. Mpangaji akifukuzwa, hana pa kulalamika.

Kisha anga. Zamani anga yote ya Somalia iliongozwa kutoka Nairobi. Mwishoni mwa 2017 uongozaji ukahamia Mogadishu, ikiwemo anga ya juu ya Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, na Berbera. Tarehe 17 Januari 2024 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakwenda Hargeisa ilirudishwa ikiwa angani. Askari hata mmoja hakutumwa, ni redio tu. Kambi ambayo ndege zake za mizigo zinaomba ruhusa kwa mtu anayekuita mwizi ni kambi ya aina gani?

Kasikazi
@Kibatari sikusema ina jeshi. Nimesema nani ataizuia. Jibu swali.

Kibatari
Limeshajibiwa na historia. Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, 1993 ikatolewa kwa sababu mambo ya nje si yake. Kama uanachama wa jumuiya tu haukupita, kambi ya kijeshi itapita? Soma kwanza ndugu.

Mtoto wa Isli
Nyinyi watu wa Bara na Visiwani mkianza hamwachi. Mfano wa Zanzibar haufai kwa sababu ya tarehe. Somaliland ilipata uhuru wake kutoka kwa Mwingereza 26 Juni 1960, ikaungana na Somalia ya Mwitaliano 1 Julai. Siku tano. Hargeisa ilipitisha sheria yake ya muungano, Mogadishu ikakubali kwa kauli bila kupitisha maandishi yaleyale. Sheria moja ya pande zote ilikuja Januari 1961, ikarudishwa nyuma hadi Julai 1960 ili kuziba pengo. Kura ya maoni ya katiba Juni 1961, kaskazini wengi walisusia na wengi wa waliopiga walikataa. Desemba ileile maofisa vijana wa kaskazini wakajaribu kupindua, wakashitakiwa, na jaji Mwingereza akawaachia kwa hoja kwamba hakuna sheria halali ya muungano inayompa mamlaka juu yao. Ndipo Hargeisa inaposimama mpaka leo: hatujajitenga, tumetoka kwenye ndoa isiyo na cheti, tumerudi kwenye mipaka ya mkoloni. Ujumbe wa Umoja wa Afrika wa 2005 nao uliona suala hili ni la kipekee.

Bi Mkasi
Ndoa isiyo na cheti! Mtoto wa Isli umesema bila kujua umesema nini. Hati za Muungano wetu zilisainiwa 22 Aprili 1964. Bunge la Tanganyika likaridhia tarehe 25 kwa Sheria Namba 22 ya mwaka ule. Baraza la Mapinduzi je? Hadi leo watu wanabishana kama liliridhia au halikuridhia. Halafu mtu anasema tarehe hazifanani. Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963, Aprili imeungana. Miezi minne na ushei. Wenzetu siku tano. Tofauti ni ukubwa wa jeraha tu.

Kibatari
Bi Mkasi naye kaja na mkasi wake. Nilijua.

Bi Mkasi
Na wewe kibatari kinafuka moshi, mwanga hamna. Jibu hoja ya kuridhia.

Upepo wa Kusi
Jamani, mnagombania kambi ambayo kwa kauli rasmi haipo. Septemba 2019 Muse Bihi mwenyewe alitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Imarati unageuzwa wa kiraia. Terminali ya abiria ikafunguliwa Novemba 2021. Na @Kasikazi usichanganye: ile ya bandari ni DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, 2016, miaka 30, dola milioni 442. Mikataba miwili tofauti.

Watu wanaitaka Berbera kwa ajili ya njia ya kurukia. Ina urefu wa zaidi ya mita 4,000. Walioijenga ni Warusi, miaka ya 1970. Siad Barre, rais wa Somalia enzi hizo, akawatimua Novemba 1977 walipoegemea Ethiopia kwenye vita vya Ogaden, Mmarekani akaingia kwa makubaliano ya 1980, na NASA ikaikodi iwe mahali pa kutua kwa dharura chombo chake cha anga za juu. Urefu huo si mbwembwe. Julai Berbera joto linapita nyuzi 40, hewa inakuwa nyepesi, bawa halibebi. Ndege ileile, uzito uleule, inataka barabara ndefu zaidi, la sivyo unapunguza mafuta au mzigo. Lakini lami pekee haifanyi kambi. Unataka matangi ya mafuta, na mafuta yanakuja kwa meli, kwa hiyo asiyeshika gati hana uwanja. Unataka maji, na Berbera ni jangwa, mji umeishi kwa chemchemi za Dubar. Unataka watu wa kufagia njia kila siku, maana mchanga na vijiwe vikiingia kwenye injini ya jeti umepoteza mamilioni asubuhi moja.

Kasikazi
Kwa hiyo unakubali kwamba aliyepo ardhini ndiye mwenye gati. Ahsante.

Upepo wa Kusi
Nimesema gati, sijasema haki.

Ngalawa Mbili
Na hizo kilomita 20 za Ethiopia, ni 20 za nini? Pwani ya Somaliland ina kama kilomita 850, na bandari ya kweli ni moja. Berbera ina ulimi wa mchanga unaoikinga na bahari ya wazi, na gati jipya la mita 400 lililofunguliwa 2021 lina kina cha mita 17. Wengi walitaja Lughaya, kule magharibi. Ukipewa ufukwe mtupu unaanza sifuri: upime sakafu ya bahari, uchimbe mlango wa meli, umwage mawe ya ukuta wa kuvunja mawimbi, kisha urudi kuchimba tena na tena kwa sababu mchanga haulali. Hapo bado umeme, karakana na barabara ya kukuunganisha na mpaka. Hayo yote kwa jeshi la majini lililovunjwa 1996, miaka mitatu baada ya Eritrea kuondoka na pwani, likafufuliwa 2019, na makao yake yakatajwa kuwa Bahir Dar. Penye ziwa.

Mtoto wa Isli
😂 Ziwa Tana nalo lina mawimbi bana. Ila kumbukeni hasira za Ethiopia zinatoka Djibouti. Karibu mzigo wake wote wa nje unapita pale, na pale kila mtu ana kambi: Mfaransa, Mjapani, Mwitaliano, Mchina tangu 2017, na Mmarekani anayelipa kama dola milioni 63 kwa mwaka. Sasa Addis ikiona jirani mdogo anakula kodi za wakubwa wote, nayo inataka kuwa na mlango. Desemba 2024 Erdoğan wa Uturuki akawakalisha Abiy na Hassan Sheikh, rais wa Somalia, Ankara, wakakubaliana Ethiopia itapata bahari chini ya mamlaka ya Somalia. Haya, makubaliano ya Januari yako wapi?

Kasikazi
Hiyo Mogadishu inayolia mipaka ndiyo ileile iliyolikataa azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka ya mkoloni, kwa sababu ilikuwa inaitaka NFD yenu, ile kaskazini ya Kenya wanakoishi Wasomali. Mtoto wa Isli hilo umeliruka.

Mtoto wa Isli
Sijaruka, ndiyo maana Nairobi ilimpokea Muse Bihi Desemba 2020 na Mogadishu ikavunja uhusiano. Ila usinifundishe NFD, boss.

Kibatari
Kasikazi ameulizwa Pemba mpaka sasa kimya.

Kasikazi
Sikusema Pemba itakodishwa. Nilisema kwa mfano. Swali langu ni kama mwenye kukalia ana haki ya kupata riziki kwa ardhi yake.

Kibatari
Mwanzo uliuliza kambi, sasa ni riziki. Orodha ya Muungano, jambo la 11: bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Kwa hiyo hata gati tu hamna.

Bi Mkasi
Hamna? Bandari ya Malindi pale Unguja iko chini ya nani, ya Dodoma? Ni chini ya Shirika la Bandari Zanzibar. Orodha ilianza na mambo 11, sasa ni 22. Nitajie wewe lini Wazanzibari waliulizwa hayo 11 ya nyongeza, moja moja, kwa tarehe. Nakusubiri.

Ngalawa Mbili
Na ile ndege iliyorudishwa angani? Hakuna aliyenijibu.