Dayalisisi ya usiku nyumbani hapa Dodoma na kazi ya kila siku: nani ana maelezo ya uhakika?

Mkazi_Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Naishi Nkuhungu, ofisi iko Mtumba, kuripoti saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri kama hakuna kikao. Figo zangu zimeshindwa kazi, na kwa sasa nasafishwa damu (dayalisisi) kituoni mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na siku hizo kazi hazifanyiki. Daktari amegusia kuhamia dayalisisi ya usiku nyumbani, ama ya damu ama ya tumbo. Mkojo bado unatoka, kama nusu lita kwa siku. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, maji ya mgao na tangi la lita 1000, umeme wa Luku. Ipi inafaa kwa mazingira haya, saa zinapangwaje, na kitu gani huwa kinaharibika? Maombi yenu nayapokea, ila naomba na namba.

Nesi_wa_Figo

Pole na majukumu, kaka. Kwa nyumba uliyoieleza, ya tumbo. Ya damu nyumbani nitaisema kwa ufupi ili uiweke pembeni.

Mashine ya damu ikipitisha maji ya dawa mililita 300 kwa dakika kwa saa nane, ni lita 144 kwa usiku mmoja. Hayo ni yale yaliyokwisha kusafishwa. Mtambo wa kusafisha maji (RO) unamwaga mengine mengi ili kuyapata, kwa hiyo tangi lako la lita 1000 ni usiku mbili au tatu na nyumba nzima haijaoga. Halafu kuna sindano mkononi umelala. Ikichomoka, damu inamwagika kwa kasi ya pampu, hivyo lazima kiwepo kihisi cha unyevu mkononi na mtu mzima mwingine aliyefundishwa chumba kile kile.

Ya tumbo haitumii maji ya bomba ndani ya mwili. Inatumia mifuko iliyofungwa kiwandani, maji yenye sukari na madini, yanaingia tumboni kwa mpira laini uliowekwa kwa upasuaji chini ya kitovu. Utando wa ndani ya tumbo ndio chujio. Mpango wa kawaida wa kuanzia kwa mtu mzima ni lita 2 kwa kila mzunguko, mizunguko minne au mitano, jumla lita 8 hadi 10, kwa saa 8 mpaka 10. Kujaza ni kama dakika 10, kutoa kama 20, katikati maji yanakaa tumboni yakifanya kazi.

Saa zako zihesabu kwa kurudi nyuma. Ukitaka kuondoka nyumbani saa 12:30 asubuhi, utoke kwenye mashine saa 11:45 alfajiri. Tiba ya saa tisa inaanza saa 2:45 usiku. Ongeza nusu saa ya kuandaa na nusu saa ya kengele za mashine usiku, maana zitalia tu: saa 1:45 usiku uwe umeshakula, umeoga na unaanza kunawa mikono. Wengi wanaoshindwa mpango huu wanashindwa hapo, jioni, wala si kwenye mashine. Nusu lita yako ya mkojo ndiyo inayoweza kukupunguzia saa. Ilinde: dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake usiguse, na kila anayetaka kukuchoma antibayotiki ya jentamaisini mwambie una figo gani kwanza.

Daktari atataka kipimo cha utando baada ya wiki nne hivi tangu uanze: maji yanakaa tumboni saa nne, wanalinganisha kemikali za damu na za maji. Utando wa kasi unapatana na mizunguko mifupi ya usiku. Wa polepole unaweza kuhitaji pia maji ya mchana, yaani uende kazini na lita moja na nusu au mbili tumboni. Haionekani chini ya shati, ila mkanda wa suruali ulegezwe.

Mwisho, na hili ni la kwanza kwa umuhimu: nchini kwetu dayalisisi iliyozoeleka ni ya damu kituoni. Usikubali mpira uwekwe kabla hujajua kwa maandishi nani analeta mifuko, inatoka ghala gani, boksi ngapi kwa mwezi, na bima yako inalipa kipi kati ya mashine, mifuko na vifaa. Na njia ya damu unayotumia sasa isitolewe. Kidonda cha mpira wa tumbo kinaachwa kama wiki mbili kabla ya kutumika kikamilifu, muda huo unaendelea kituoni.

Fundi_Vifaa_Tiba

Dada Nesi kamaliza upande wa mwili. Naongeza ya ukutani na sakafuni.

Kuhusu maji, kwa atakayebisha: maji ya dayalisisi ya damu yanatakiwa yasizidi floraidi miligramu 0.2 kwa lita na klorini yote 0.1. Kanda hii ya kati, hasa visima vya Singida, floraidi inajulikana. Na chumvi ya maji ya visima vya Dodoma mnaiona wenyewe kwenye birika. Mtambo utayasafisha, lakini chujio zake utazibadilisha mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Umeme. Mashine ya tumbo ina hita ya kupasha mifuko, na hita ndiyo mlaji. Angalia kibandiko nyuma ya mashine uone wati za juu kabisa. Inveta iwe juu ya hapo, na iwe ya mawimbi safi (pure sine wave), siyo zile za bei rahisi za kuwashia taa na runinga. Hesabu ya mfano: tuseme wastani wa usiku ni wati 150 kwa saa 9, hiyo ni wati-saa 1350. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 200, inabeba 2400 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu unatumia nusu, 1200, na inveta nayo inakula sehemu yake. Kwa hiyo betri moja haitoshi usiku mzima; inatosha katizo la saa kadhaa. Mbili zinatosha. Pima wastani halisi kwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kabla ya kununua.

Soketi iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Nyumba nyingi za kupanga tundu la tatu ni pambo. Fundi apime, na mashine isichangie kamba ya kurefusha na friji. Luku nayo: uniti zikiisha saa nane usiku ni sawa na katizo, hivyo weka kiwango cha chini ambacho hushuki.

Umeme ukikatika na betri huna, mashine nyingi hukumbuka zilipofika kwa muda fulani tu, baada ya hapo unafunga vibano vyote, unajitenga kwa kufuata hatua ulizofundishwa, unaweka kifuniko kipya. Usiunge tena seti ile ile ya mipira asubuhi.

Mkazi_Nkuhungu

Asanteni sana. Maswali matatu: boksi hizo zinakaa wapi kwenye chumba cha bati kinachochemka? Chandarua na mipira inapatanaje? Na kuna namna ya kujua mapema kwamba kitu kimeharibika kabla sijafika hospitali?

Nesi_wa_Figo

Boksi: lita 10 kwa usiku ni mifuko miwili ya lita 5, mara nyingi ni boksi moja. Mwezi ni boksi 30, zaidi ya kilo 300. Chumba cha pili kinakuwa stoo, mwambie mwenye nyumba mapema kabla gari halijaegesha. Weka juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na kama hakuna dari basi dari ndiyo matumizi ya kwanza ya pesa. Tumia za zamani kwanza. Kila mfuko ukitoka kwenye boksi unaangalia tarehe, asilimia ya sukari, kama maji ni maangavu kabisa, na unaminya kwa nguvu kuona kama unavuja.

Sukari yenyewe iko ya asilimia 1.5, 2.5 na 4.25. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyovuta maji mengi mwilini. Asubuhi pima uzito na presha, soma kwenye kioo mashine imetoa kiasi gani zaidi ya ilichoingiza, andika. Miguu imevimba na uzito umepanda, yenye nguvu zaidi. Kizunguzungu na presha iko chini, shuka kwenye yenye nguvu ndogo. Kitengo chako kitakupa mipaka ya kujirekebisha mwenyewe. Kuishi kwenye 4.25 kila usiku kwa sababu hutaki kupunguza chumvi kwenye mboga ni kuuchosha utando. Na mwenye kisukari sindano zake zipangwe upya, hiyo sukari inaingia mwilini.

Chandarua. Mipira ipite sehemu moja tu, upande wa mashine, chini ya ukingo wa chandarua uliochomekwa godoroni, siyo juu ambapo ukigeuka unaivuta. Unganisha ukiwa nje ya chandarua, chandarua kimekunjwa juu kabisa. Kitambaa kikigusa ncha iliyo wazi, ncha hiyo imechafuka, hakuna mjadala, unabadilisha. Mashine iwe meza ya usawa wa kitanda. Godoro likiwa sakafuni maji yanatoka kwa kusuasua.

Namna ya kuunganisha: feni zima, dirisha na mlango funga, hasa miezi ya upepo mkavu kuanzia Juni, vumbi la Dodoma mnalijua. Barakoa kwa kila aliyemo chumbani. Mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kausha kabisa kwa taulo ya karatasi, halafu sanitaiza. Maji ya mgao hayapo? Dumu lenye bomba dogo, liwe maalumu kwa kazi hiyo. Acha mashine ijaze mipira maji kwanza ili itoe hewa; ukiharakisha, hewa inaingia tumboni na bega linauma. Ndipo fungua kifuniko, unganisha, sekunde chache bila kuongea.

Kengele inayolia zaidi ni ya maji kutotoka. Anza na vibano, kisha mpira uliokunjika chini ya paja. Kaa, geuka upande wa pili. Ikijirudia siku mbili tatu, sababu ya kwanza ni choo kigumu, utumbo uliojaa unausogeza na kuuziba mpira. Laktulosi (dawa ya kulainisha choo) kwa maelekezo ya kitengo na choo kila siku ni sehemu ya tiba hii. Ukiona nyuzi nyeupe kama pamba kwenye maji, ni protini iliyoganda (faibrini), kitengo huweka heparini, dawa ya kuzuia kuganda, kwenye mfuko. Kosa moja baya: kubonyeza kitufe cha kuruka hatua ya kutoa maji ili kengele inyamaze. Mzunguko unaofuata unaingiza lita mbili juu ya zilizobaki. Tumbo linakaza, pumzi inakuwa fupi. Ikitokea, simamisha na utoe kwa mkono.

Sasa la kujua mapema. Kila asubuhi weka mfuko wa maji yaliyotoka juu ya gazeti. Usiposoma maandishi kupitia maji, hiyo ni dalili ya maambukizi tumboni hata kama huna homa. Usisubiri jioni, usimwage. Nenda na mfuko huo huo. Maabara wataangalia seli nyeupe: zaidi ya 100 kwa mikrolita, na zaidi ya nusu zikiwa nyutrofili (aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria), ni maambukizi. Kwa mtu wa mashine ya usiku mizunguko mifupi inaweza kushusha hesabu ya kwanza, hivyo mkumbushe daktari aangalie asilimia. Sampuli ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibayotiki, na antibayotiki huwekwa ndani ya mfuko. Vidonge vya duka la dawa kwanza vinaharibu majibu.

Tundu ambapo mpira unatokea tumboni: safisha kila siku, paka mupirosini (antibayotiki ya kupaka) kama ulivyoandikiwa, bandika mpira usivutike. Wekundu, usaha au maumivu ukibonyeza, piga simu siku hiyo.

Maji yaliyotoka mwaga chooni taratibu yasiruke, kisha jiki. Mifuko mitupu funga mara mbili, isichomwe nyuma ya nyumba, moshi wa plastiki ile ni sumu kwa majirani.

Mama_Utumishi

Upande wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara wote, 63 zinazofuata nusu. Mtumishi wa umma asome pia Kanuni za Kudumu. Usizimalize kwa siku moja moja za kituoni. Bakiza kwa upasuaji wa mpira na mafunzo. Mwombe daktari barua inayotaja vitu viwili tu: usipangiwe kazi zinazovuka saa 11 jioni, na usinyanyue mizigo mizito, kwa sababu lita mbili tumboni na kunyanyua ndiko kunakoleta ngiri. Jina la ugonjwa si lazima ofisi nzima ilijue.

Mkazi_Nkuhungu

Mama Utumishi umenisaidia. Na safari za kikazi za siku mbili Dar?

Nesi_wa_Figo

Mashine iache nyumbani. Mafunzo yako lazima yaanze na njia ya mkono kabla ya mashine, nayo haitaki umeme: mfuko wa lita 2 unatundikwa juu, wa kupokelea unawekwa sakafuni, mvutano wa dunia unafanya kazi, kama dakika 30 hadi 40 kwa kubadilisha. Kwa siku ni mara nne: asubuhi kabla ya kikao, mchana, jioni, kabla ya kulala. Siku mbili ni mifuko minane, kilo 16 na zaidi, pamoja na vifuniko vya akiba, barakoa, sanitaiza na ndoano ya kutundikia. Hoteli ombeni chumba chenye choo ndani. Mfuko upashwe kwa joto kavu, blanketi la umeme au pedi ya joto. Usiutumbukize kwenye ndoo ya maji ya moto, maji yale yanajificha penye kiungio. Nyumbani nako usikose mifuko ya mkono ya siku tatu pembeni, maana mashine ikifa Ijumaa usiku fundi ni Jumatatu.