Mzee wa "nimekaa Moscow" katoboa MiG yangu ya plastiki kwa kalamu, na mimi nikasema asante

Kijiti_cha_Meno

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukwa, msiniulize. Watu wameondoka sebuleni kwangu saa moja iliyopita na vikombe vya chai bado viko mezani, sijavigusa, maana nikivigusa nitavivunja.

Yule mzee mnamjua. Msijifanye. Kofia ileile, miwani ya kamba shingoni, na ile sentensi inayomtangulia kabla hajakaa: "Mimi nimekaa Moscow miaka sita." Sawa, amekaa. Alisomea kutibu ng'ombe. NG'OMBE, wakuu. Kwa miaka sita kitu pekee kinachoruka alichokikaribia ni inzi wa zizini.

Niwape hali ya marehemu kabla ya tukio. MiG-29, ndege ya kivita ya Kisovieti, ya plastiki ya kuunga, toleo la 9-12, kipimo cha moja kwa arobaini na nane, sentimita 36 kutoka mdomoni hadi mkiani. Miezi mitano. Chumba cha rubani nimekipaka ile bluu-kijani ya Kisovieti ambayo haiuzwi duka lolote mjini hapa, nimeichanganya mwenyewe kwenye kifuniko cha soda mara kumi na moja mpaka ikakubali. Kiti cha K-36, kile kinachomrusha rubani nje, nimekifunga mikanda niliyoikata kwa wembe kutoka kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na mimi sivuti, nimeokota. Rimu za matairi kijani, kama inavyotakiwa. Kibati cha kuzuia matope tairi la mbele kipo. Mistari ya bati nimeipitishia rangi ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tina, nikaifuta kwa vijiti vya pamba, pakiti tatu. Familia nzima masikio yamejaa nta kwa ajili ya Mikoyan, ile M ya MiG.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo unapouma. Anayeijua MiG-29 anajua kwamba ikiwa chini na injini zinawaka, yale matundu makubwa ya hewa hujifunga kwa vifuniko, isije ikameza kokoto. Hewa inaingilia kwa juu, kwenye vibao vinavyofunguka pale bawa linapoanzia. Ikishakimbia, kwenye kilomita 200 kwa saa hivi, matundu ya chini yanafunguka na vibao vya juu vinajifunga. Ndiyo maana yangu rubani yuko ndani, kioo kimeshushwa, vya chini VIMEFUNGWA na vya juu VIKO WAZI, kimoja kimoja, nimevisimamisha kwa kibanio cha nyusi huku nimebana pumzi. Hakuna sehemu iliyonitesa kama hiyo. Usiku nilikuwa naamka, nawasha taa, naitazama, nalala tena.

Mzee akaja. Akainama. Akavaa miwani. Akasema mbele ya watu tisa na mtoto wa jirani aliyefuata biskuti:

"Kijana, umesahau kuitoboa. Hii itapumua wapi?"

Watu wakacheka. Nikafungua mdomo nieleze. Akachomoa kalamu mfuko wa shati.

Tk.

Ndivyo ilivyolia. Tk. Akasukuma kifuniko cha kushoto kikaingia ndani, akairudisha kalamu mfukoni kama daktari aliyemaliza kuchoma sindano, akasema, "Sasa inapumua." Na mimi, wakuu, mimi niliyelelewa na bibi Tanga, mimi ambaye mdomo wangu hauna akili yake yenyewe mbele ya mtu mwenye mvi, nikasema:

"Asante, mzee."

ASANTE! Mtu kanitobolea ndege kwa kalamu ya semina (ya semina, nimeiona, ina anwani ubavuni) na mimi nimemshukuru! Kifuniko kimedondokea ndani ya njia ya hewa. Mwili umeshagundishwa, puti imepita, msasa namba 2000 umepita, klia, vanishi ya mwisho, iko juu. Ukiinamisha ndege inalia kama kayamba. La kulia hakuligusa. Alilitazama tu, akanigonga bega: "Hilo utamalizia mwenyewe."

Sitaki ushauri. Nataka tukubaliane tu kwamba mtu huyu asiruhusiwe kukaribia plastiki ya aina yoyote. Hata ndoo.

Tk. Bado naisikia.

Mama Supaglu

Pole sana mdogo wangu. Nilikuwa nakusikitikia vizuri kabisa mpaka nilipofika kwenye "asante". Hapo nimemwaga chai.

Mpaka Klia

Huyo mzee kwangu alikuja Desemba. Akaniambia nyota nyekundu kwenye mkia wa ndege yangu "imekaa kichama sana". Ni ndege ya SOVIETI. Nilitaka nyota ikaeje, kibiashara?

Sukhoi_Kwanza

Ungejenga Su-27, ndege ya kivita ya Sukhoi, haya yote yasingekukuta. Su-27 haina vifuniko vya kutobolewa, ina wavu unaoinuka ndani kabisa ya tundu. Mzee angechungulia, asione kitu, aende zake. Hii MiG-29 yenu mimi siku zote nasema ni Su-27 iliyofuliwa kwa maji ya moto ikasinyaa.

Kijiti_cha_Meno

@Sukhoi_Kwanza hakuna aliyekuita. Nina msiba.

Sukhoi_Kwanza

Nasema ukweli tu. Februari 1999 Su-27 za Ethiopia zilikutana na MiG-29 za Eritrea angani. Kawaulize Waeritrea walijisikiaje.

babu_wa_9-13

Mmeanza. Kila uzi lazima mfike Asmara.

Mleta uzi, swali la kizalendo: kwa nini 9-12? Ungechukua 9-13 yenye kibyongo mgongoni, mzee angehangaika na kile kibyongo, akuulize ni uvimbe wa nini, akuandikie dawa. Matundu yangesalimika. Ni fani yake ile.

Mpaka Klia

Nimecheka kwa sauti ofisini. "Akuandikie dawa."

Jicho la Msasa

Wakuu, mimi sipendi kumpiga mtu aliyelala, ila nimefungua ile picha aliyoiweka wiki iliyopita akijisifu, nikaikuza. Rubani yuko ndani, sawa. Kioo kimeshushwa, sawa. Injini zinawaka, tumeambiwa. Sasa ile NGAZI iliyoegemea ubavuni ni ya nani? Na vizuizi vya matairi viko palepale. Huyu rubani anaondoka na ngazi?

Mama Supaglu

Labda anashuka kwenda kuchukua biskuti na mtoto wa jirani.

Kijiti_cha_Meno

NGAZI NILIIWEKA KWA AJILI YA PICHA. HAIJAGUNDISHWA. Mnaacha mtu aliyetoboa mnashika ngazi? Mtu kachomoa KALAMU, wakuu. Mbele ya watu tisa. Tk! Halafu "sasa inapumua"!

Jicho la Msasa

Tulia, dawa ikuingie. Nimeuliza ngazi tu.

fundi pancha

Mkuu, pole. Ushauri mdogo: funga sumaku kwenye uzi, ingiza taratibu kwenye tundu, kifuniko kitanata, uvute.

Kijiti_cha_Meno

Ni plastiki.

fundi pancha

Hata sumaku kubwa?

Njiwa Mweupe

Mimi nina suluhisho la heshima. Usikitoe. Tengeneza kibao cha chini, andika: "Paris, Juni 1989." Wasiojua: Kvochur, rubani wa majaribio wa Kisovieti, alikuwa anaonyesha MiG-29 kwenye maonyesho ya ndege pale Le Bourget, ndege akaingia kwenye ndege. Namaanisha mwenye manyoya akaingia kwenye yenye mbawa za chuma, Kiswahili hiki nacho. Injini ikafa, mdomo ukainama, akajirusha na kiti hichohicho cha K-36 akiwa karibu kabisa na ardhi, akapona. Kwa hiyo wageni wakiinamisha yako ikalia, waambie huyo ni njiwa, bado yuko ndani. Historia inakubeba.

babu_wa_9-13

Ile ilikuwa injini ya kulia. Mzee katoboa kushoto.

Njiwa Mweupe

Basi akamalizie la kulia kama alivyoagizwa.

Mpaka Klia

Jamani hahaha, niacheni nifanye kazi.

Mtu wa Entebbe

Salamu kutoka Uganda. Sisi MiG-21 zetu zilitobolewa zikiwa zimeegeshwa, usiku mmoja, tarehe 4 Julai 1976, na Waisraeli hawakutumia kalamu. Hakuna aliyesema asante lakini. Leo tuna Su-30MK2, nazijenga mbili kwa mpigo, moja kwa sabini na mbili. Mtu akikaribia na kitu chochote chenye ncha, mke wangu anapiga kelele kabla yangu. Nimemfundisha.

Sukhoi_Kwanza

Huyu ndiye mwanaume. Sukhoi mbili na mke mlinzi.

Mama Supaglu

Ninyi mnalia na wageni. Mimi adui yuko ndani ya nyumba. Nilikuwa na fremu nzima ya miguu ya Su-25, vipande sitini na kitu, bado havijakatwa, nimeviosha nimevianika dirishani. Mama mkwe kaja kutoka shamba, kaona, kaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, kitana chenu kimevunjika meno?" Akakitupa. Akaninunulia kingine. Cha mbao. Ninacho mpaka leo, na Su-25 yangu imelala kwa tumbo kama mamba.

Kijiti_cha_Meno

Dada pole, ila angalau alikununulia kitu. Mimi huyu kaondoka na kalamu yake.

mzigo_umefika

Mama Supaglu hujaona kitu. Mimi boksi langu lilikwama dirishani pale panapochukuliwa mizigo, sitapataja. Kijana kaangalia picha juu ya boksi, ndege, moto, makombora. Kanitazama. "Haya makombora ni ya nani?" Nikasema yangu. KOSA. Nikaambiwa nilete barua inayoniruhusu. Barua kutoka wapi? Akasema, "Wewe unajua mnakotoa." Nikaomba tufungue boksi. Tumefungua, nimemwonyesha R-73 nne, kila moja urefu wa kijiti cha kiberiti. Kaichukua moja kaiweka kiganjani, kaita wenzake. Wamekuja sita. Wameipiga picha. Nimerudi nyumbani na R-73 tatu.

Jicho la Msasa

Tatu? Sasa mbawa unazisawazishaje?

mzigo_umefika

Upande mmoja nimeweka rafiki yangu anaitwa R-60, kombora la aina nyingine, tumekubaliana kimya kimya.

babu_wa_9-13

Kuchanganya hivyo kwenye mbawa zilezile sikubali. Fungua uzi wako tukuadhibu vizuri.

fundi pancha

Kuhusu vifaa: shemeji yangu alichukua kompresa yangu ndogo ya kupulizia rangi akaenda kujaza tairi la bodaboda. Ilitoa moshi. Kaniletea, kaniambia, "Shem, hii yako haina pumzi." Na kibanio changu kizuri kilikuwa jikoni, kinatolea miiba ya perege.

Mama Supaglu

Perege gani, wa Mwanza au wa bwawani? Maana wa bwawani miiba yake ni shughuli.

fundi pancha

Wa bwawani. Kibanio kimepinda ncha.

Mpaka Klia

Kwa perege tumia kibanio chenye ncha bapa, sio kali. Kali inakata mwiba nusu unabaki kwenye nyama.

Kijiti_cha_Meno

Samahani, tunaweza kurudi kwenye uzi? Mtu ametoboa ndege ya miezi mitano kwa kalamu ya semina.

Jicho la Msasa

Mkuu, tumeelewa. Tk. Lakini angalia nyuma yako, nasikia mzee huwa anaingia humu kusoma tu, haandiki. Mwanawe kamwekea kwenye simu.

Kijiti_cha_Meno

Nani kasema? Lini?

Jicho la Msasa

Sina uhakika. Nasikia.

Kijiti_cha_Meno

Kama yupo, shikamoo mzee. Haya ni maneno ya utani tu ya vijana. Karibu tena Jumapili ijayo.

Mama Supaglu

HUYU HAPONI.

Mpaka Klia

Asante imepata mdogo wake.

Sukhoi_Kwanza

Na bado la kulia halijamaliziwa.

Mtu wa Entebbe

Fundi pancha, hiyo kompresa iliyotoa moshi unaiuza? Nahitaji kimota tu.

fundi pancha

Njoo tuongee. Ila shemeji naye kaitolea macho, anasema ataipeleka kwa fundi wa friji.

mgeni_wa_uzi

Wakuu habari za jioni, samahani kuingilia, sijasoma kote. Naona hapa mnatumia sana tina. Hivi tina inatoa doa la rangi ya mafuta kwenye kochi? Nauliza kwa haraka kidogo.

Mpaka Klia

Kochi la ngozi au kitambaa?

mgeni_wa_uzi

Kitambaa. Rangi ya krimu.

Mpaka Klia

Doa la ukubwa gani?

mgeni_wa_uzi

Kama MiG-21, moja kwa sabini na mbili. Kivuli chake kizima kimebaki. Mke wangu anafika saa kumi na mbili.

Mama Supaglu

Usiguse tina! Itasambaza. Geuza mto upande wa pili kwanza, halafu tuongee.

mgeni_wa_uzi

Upande wa pili kuna Su-17.