Nimekwama kwenye Barchester Towers, nikomae au niachane nayo?

Wakuu habari za jioni. Kikundi chetu cha kusoma vitabu kimechagua Barchester Towers ya Anthony Trollope (1857), na mimi ndiye nitakayeongoza mjadala mwisho wa mwezi. Wanasema inachekesha. Nimefika sura ya tano, sijacheka. Askofu, arkidikoni, kanoni, kila mtu ana cheo, na mwandishi anakatiza hadithi kuniongelesha mimi msomaji! Halafu nasikia ni kitabu cha pili, cha kwanza ni The Warden. Nianze na kile? Naombeni ushauri, ila msinitajie mwisho.

Bibi Maktaba: Mwanangu, rudi sura ya kwanza usome taratibu. Askofu mzee anakata roho. Mwanawe, arkidikoni Grantly (msaidizi mkuu wa askofu), yuko kando ya kitanda anapiga hesabu: serikali inayomtaka yeye ikianguka kabla baba hajafa, uaskofu ndiyo basi tena, maana Uingereza waziri mkuu ndiye anayependekeza jina. Anampenda baba yake kweli, na anatamani afe mapema. Akishtukia anachokiwaza anapiga magoti kuomba msamaha. Mzee akishafumba macho, telegramu ya kumjulisha waziri mkuu inaandikwa, na kwa aibu Grantly anaomba itumwe kwa jina la mzee Harding, baba mkwe wake. Usiposikia kicheko hapo, kitabu kizima kitakupita.

Mlei wa Masasi: Hivyo vyeo visikutishe, ni ugomvi wa ulaji tu. Ila ujue kuna kambi mbili. Mimi nimekulia Masasi, kanisa la wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana: ubani, kengele, misa ya kuimbwa. Nikaoa Dodoma, walikopita CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, mahubiri saa nzima na ubani hakuna. Waanglikana wote hao! Slope, kasisi wa askofu mpya, ni wa kambi ya pili. Hubiri lake la kwanza kanisa kuu anaponda ibada za kuimba, na Harding, msimamizi wa uimbaji, amekaa humo humo anasikiliza. Mgeni hana hata mwezi mjini!

Kidawa88: The Warden si lazima. Jua tu kwamba Harding aliacha kazi ya kusimamia nyumba ya wazee maskini baada ya magazeti kumwandama. Sasa kazi hiyo iko wazi tena, na inamezewa mate na Quiverful, kasisi mwenye watoto 14. Wewe kaza ufike karamu ya Mama Proudie, mke wa askofu mpya, sura ya 10 na 11. Huyo ndiye askofu halisi, mumewe amevaa joho tu. Kuna kochi lenye magurudumu linasukumwa, gurudumu linanasa gauni lake la lesi mbele ya makasisi wote. Nilicheka kwenye daladala watu wakanigeukia.

Mleta uzi: Dada Kidawa, nilisema msinitajie!

Kidawa88: Hujaona kitu. Sura ya 15 Trollope mwenyewe anakwambia wanaume wawili ambao Eleanor, binti mjane wa Harding, hataolewa nao. Hapendi kumficha msomaji siri.

Mleta uzi: Sawa, nakomaa. Ila Slope na Mama Proudie, nani mbaya zaidi?

Mlei wa Masasi: Slope.

Bibi Maktaba: Mama Proudie, bila ubishi. Slope angalau anajua anachokitafuta.