Warsha 42, nafasi 6 kwa kila mtu: mnachujaje kwenye kongamano la walimu?

MwlHesabu:
Wakuu, shule inatuma walimu wawili, wa hisabati na wa lugha, kwenye kongamano la siku 2. Kila siku ina awamu 3 za dakika 75, na kila awamu ina warsha 7 sambamba. Vichwa vyote vitamu, muhtasari mistari mitatu. Tunachaguaje? Tukirudi tunadaiwa mrejesho wa dakika 30 kwa walimu wenzetu.

Chaki_Nyeupe:
Kichwa achana nacho, soma vitenzi vya muhtasari. "Washiriki watatunga", "watasahihisha sampuli za kazi za wanafunzi": hiyo ni warsha. "Tutajadili umuhimu wa..." ni hotuba iliyojipa jina la warsha. Kisha angalia imelenga darasa la ngazi gani.

Kila awamu weka chaguo la kwanza na la akiba, yakiwa jengo moja ikiwezekana. Vyumba vya warsha hujaa mapema, na kuzunguka na ramani mkononi kunakula robo saa. Ikidai kompyuta, pakua programu na ufungue akaunti usiku uliotangulia. Mtandao wa ukumbi ukielemewa, nusu ya muda inaishia kwenye nywila.

Na msiingie wawili warsha moja.

Mwl. wa Zamu:
Hilo la mwisho silikubali moja kwa moja. Kama ni mbinu mnayotaka shule nzima iitumie, ingieni wote: mmoja ashiriki, mwingine ashike saa na kuandika mwezeshaji anatoa maelekezo gani, kwa dakika ngapi. Huko ndiko mbinu nyingi hufia.

Chukua mbinu ya jigso, ambayo mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha mwaka 1971 huko Texas. Somo linakatwa vipande, kila mwanafunzi anabobea kwenye kimoja, kisha anarudi kuwafundisha wenzake kikundini. Warshani, watu wazima 24 wanaojua kusoma haraka wanaimaliza kwa dakika 25. Sasa ipeleke darasa la 48 kwa vipande 6: una vikundi 8 vya watu 6, na kila kipande kina wabobezi 8. Wanane mezani ni wengi, wawili watatu watakaa kimya na kurudi mikono mitupu, na kikundi kizima kitakosa kipande hicho. Wagawe wanne wanne. Weka pia mbadala wa asiyekuja, na tenga vipindi viwili, si kimoja.

Kwa hiyo muulize mwezeshaji maswali ya namna hii: darasa lako lina wangapi? Mara ya kwanza ilichukua vipindi vingapi? Asiyesoma vizuri anafanya nini? "Una ushauri gani kwetu?" litakuletea maneno matamu tu.

Daftari Kuubwa:
Naongezea ya karatasi. Jina kwenye kadi ya ushiriki lihakikini siku ya usajili, maana cheti mara nyingi huchapwa kutoka orodha hiyohiyo. Sainini mahudhurio kila awamu. Vitini ombeni faili linaloharirika. Picha 80 za slaidi hakuna atakayezifungua.

Kila warsha ukurasa mmoja, mstari katikati: kushoto alichofanya mwezeshaji, kulia mada na wiki utakayojaribu. Upande wa kulia ujazwe wakati wa mapumziko, kabla ya awamu inayofuata kuufuta kichwani.

Mrejesho usiwe muhtasari wa warsha 12, watu watasinzia. Chagueni zoezi moja, walimu walifanye dakika 20 kama wanafunzi. Kumi zilizobaki ni za kusema litakwama wapi kwenye madarasa yenu.

MwlHesabu:
Shukrani. Na nikigundua dakika ya 10 kwamba nimeingia siko?

Mwl. wa Zamu:
Toka, ila kabla hawajagawa vikundi. Ukishahesabiwa kwenye kikundi ukaondoka, unawaachia pengo. Kwa hiyo kaa karibu na mlango tangu mwanzo.